Uzinduzi wa Moto wa Malundi

Haya yalitokea nchi jirani. Ukiwauliza wenyeji wa huko watakuambia yalitokea huku kwetu, lakini watu wale wanajulikana kwa kusingizia. Kwao ni nchi ya amani kupita kiasi, amani inayolindwa kwa virungu na mbwa, na hakuna jambo linaloruhusiwa kutokea mpaka lizinduliwe na Mgeni Rasmi. Kisima kikichimbwa, maji yanasubiri. Daraja likijengwa, watu wanaendelea kuvuka mto kwa miguu huku wakilitazama, na mamba wanajilia, mpaka Mgeni Rasmi apate nafasi ya kuja kukata utepe. Mwaka mmoja hospitali ya wazazi ilikaa miezi minane imefungwa kufuli ikimsubiri, wanawake wakajifungulia getini. Watoto waliozaliwa pale mpaka leo wanahesabika hawajazinduliwa, na shuleni hawaitwi majina.

Kwa hiyo moto ulipoingia katika kijiji cha Malundi bila ratiba, bila meza kuu na bila kwaya, ulikuwa umevunja sheria tangu cheche ya kwanza.

Uliingia Jumanne, saa nne asubuhi, ukitokea porini upande wa mashariki. Nyamizi alikuwa uani anapepeta ulezi. Aliona kwanza ndege wengi wakipita juu, wote wakienda upande mmoja. Halafu digidigi watatu wakakatiza uwanjani bila kuwajali mbwa, na mbwa nao hawakuwajali digidigi. Alipoinua macho pori zima lilikuwa linanguruma. Akatupa ungo, akamwita mumewe, Kapunda, mrina asali, aliyekuwa nyuma ya nyumba anachonga mzinga. Wakashikana mikono, wakakimbilia mtoni pamoja na kijiji kizima, huku majivu ya moto yakiwaangukia na kuwaunguza vichwani.

Hatua kama mia hivi kutoka nyumbani, Kapunda alisimama.

"Picha," alisema.

"Picha gani?"

"Ya Mtukufu. Tumeiacha ukutani."

"Kapunda, nyumba inawaka."

"Naiona inavyowaka. Na jicho la Mahela uliliona?"

Nyamizi aliliona. Kila nyumba ya nchi ile ilitakiwa kutundika picha ya Mtukufu Baba wa Mababa, mkuu wa nchi, na mwenye nyumba alikuwa mlinzi wake kisheria. Mwaka uliopita picha ya jirani yao Mahela ililiwa na mchwa. Mgambo walimchukua Mahela kwa mahojiano mafupi. Alirudi na jicho moja usoni, la pili amekabidhiwa ndani ya bahasha, pamoja na barua ya onyo.

"Tangulia," Kapunda alisema. "Nakuja sasa hivi."

Alirudi mbio, akajifunika blanketi lililokuwa limeanikwa uani, akaingia. Nyamizi alimwona mlangoni, akaona mkono wake ukisukuma moshi, kisha paa la bati likashuka lote kwa pamoja na ukuta wa mbele ukaangukia ndani. Kapunda aliita jina la mkewe mara moja tu. Nyamizi alirudi mbio akitaka kuingia humo humo, na isingekuwa Fundi Selemba, seremala, kumkamata kiunoni na kumburuta mpaka majini, wangekufa wawili siku ile. Alimpiga Selemba ngumi za uso njia nzima, akamtoa damu puani. Selemba hakumwachia.

Hadi saa nane mchana Malundi ilikuwa imekwisha: nyumba arobaini, maghala yote, na watu saba.

Sasa, watu wa Malundi wana desturi yao ya mazishi. Kaburi halifukiwi kwa jembe wala kwa koleo. Linafukiwa kwa mikono, kila mtu wa kijiji anatia konzi moja ya udongo, mdogo kwa mkubwa, mpaka shimo lijae. Asiyefukiwa hivyo anahesabika yuko njiani anahangaika, na mkewe si mjane wala si mke. Hanyoi nywele, hawashi moto jikoni, halali juu ya mkeka. Anakula cha majirani na kulala mchangani. Basi Nyamizi, kulipokucha, aliokota jembe lililobaki chuma kitupu, akaenda kumtoa mumewe.

Alikuta kijiji kimezungushiwa kamba nyekundu, na nyuma ya kamba wamesimama mgambo na virungu. Mkubwa wao aliitwa Afande Chiduo, mtu mpole wa sauti, aliyekuwa na tabia ya kuomba radhi kabla ya kupiga.

"Samahani sana mama," alisema. "Hapa hapaguswi. Hili ni eneo la janga ambalo bado halijatokea."

"Halijatokea? Mume wangu yuko chini ya ukuta ule."

"Hilo utalieleza baada ya uzinduzi. Mheshimiwa Waziri wa Majanga na Sherehe atakuja kujionea mwenyewe. Sasa mkishafagia, atajionea nini? Majivu haya ni mali ya Serikali."

Nyamizi aliivuka kamba. Afande Chiduo aliomba radhi tena, kisha akampiga kirungu cha goti, na alipoanguka wenzake wawili wakammalizia mbavuni kwa viatu. Walimrudisha nje ya kamba wakimburuta kwa nywele, na jembe lake likaandikishwa kuwa silaha.

Chini ya barabara lilikuwa limesimikwa hema jeupe, na juu yake bango: DAWATI LA MSAADA WA USAFI NA UREJESHO WA MALI. TUKO KWA AJILI YENU. Ndani alikaa Mratibu, Bwana Mrekwa, akiwa na feni ya betri na fomu zilizofungwa kwa kamba kama kuni. Watu walipanga foleni, wengine mikono imebabuka mpaka nyama inaonekana. Nyamizi alifikiwa na zamu yake mchana.

"Karibu mama, keti," Mratibu alisema, ingawa hapakuwa na kiti. "Unahitaji msaada wa aina gani?"

"Kuondolewa ukuta tu. Nimtoe mume wangu nimzike."

"Vizuri sana. Huo unaitwa usafi wa awali. Umekuja na picha ya nyumba kabla ya kuungua?"

"Iliungua ndani ya nyumba."

"Na saini za majirani wawili ambao nyumba zao hazikuungua?"

"Zimeungua zote."

Mratibu alisikitika kweli kweli. Alitikisa kichwa, akaandika kitu. "Unaona tatizo linaloletwa na wananchi kutojiandaa," alisema. "Na huyo marehemu, nani amekuambia ni marehemu? Janga halijazinduliwa. Mtu hawezi kufa katika janga ambalo halipo. Mimi nitamwandika kama hayupo nyumbani kwa sasa."

"Bwana Mratibu, nilimwona."

"Mama yangu, ukisema hivyo mbele ya Afande unaitwa mchochezi. Mimi nakutakia mema."

Siku ya nne Fundi Selemba alichoka. Alikuwa na familia ya watu tisa chini ya mti uliobaki kigogo, jua linawachoma vidonda, na mabati yake sita alikuwa anayaona pale pale, nyuma ya kamba, yamekunjamana lakini mazima. Akaenda mchana kweupe, akachukua bati moja, akajitwika kichwani, akarudi nalo. Walimngoja aivuke kamba kwanza ili kosa likamilike. Kirungu cha kwanza kilimpata shingoni. Bati lilimwangukia, nao wakapiga juu ya bati, na kijiji kizima kilisikia mlio wake mpaka ulipobadilika na kuwa mlio wa kitu laini. Walipoliinua hapakuwa na uso wa kuutambua.

Bwana Mrekwa alikuja na fomu yake, akamzunguka mara mbili. Aliandika kwamba Selemba alifariki kabla ya janga kuzinduliwa, hivyo hahusiki nalo. Mwili ulichukuliwa na lori, hakuna aliyeambiwa unakopelekwa. Nyamizi alikumbuka ngumi alizompiga yule mtu njia nzima mpaka mtoni, akaona haya, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile.

Siku zikaenda. Mgeni Rasmi alikuwa na sherehe nyingine mjini, halafu mafua, halafu harusi. Harufu ikaanza kutoka chini ya kuta, na nyuma ya harufu wakaja mbwa. Hawa hawakuzuiwa, maana sheria iliwataja watu tu. Waliivuka kamba wakitingisha mikia, wakachimba kwenye nyumba ya mzee Ndalahwa, mmoja wa wale saba, wakatoka na walichokitoa, na mgambo wakawatazama wakipita. Nyamizi alisimama kwenye kamba kutwa nzima akiwarushia mawe walioukaribia ukuta wake. Siku ya pili alipigwa kwa kutupa vitu katika eneo la Serikali, na mawe yakapigwa marufuku. Akawa anapiga kelele tu. Mbwa wakazizoea kelele zake. Siku ya kumi na tano mmoja, mwekundu, mwenye sikio lililokatika, alilala kabisa juu ya ukuta ule, akaanza kuchimba taratibu.

Hapo Nyamizi aliacha kuogopa. Hasira zilimpanda, na ndani ya hasira hizo akili yake ikatulia kuliko ilivyowahi kutulia. Alikwenda hemani, akapita foleni yote, akamwinamia Bwana Mrekwa sikioni.

"Bwana Mratibu," alisema, "kuna jambo nimekuficha. Pale chini pana picha ya Mtukufu. Iko kifudifudi kwenye majivu wiki mbili sasa. Na hivi ninavyosema, kuna mbwa ameikalia."

Bwana Mrekwa alizima feni. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu. Lakini Mheshimiwa akija, nitamwambia ulijua."

Watu waliokuwa kwenye foleni hawakuwa viziwi. Mjane wa Selemba akanyanyua mkono akasema hata kwake iko picha, chini ya kabati. Mahela, kwa jicho lake moja, akasema kwake ziko mbili, ya zamani iliyoliwa na mchwa na mpya aliyopewa badala yake. Kumbe kila nyumba! Mtukufu alikuwa chini ya kifusi mara arobaini, anakanyagwa na viatu vya mgambo wake mwenyewe.

Ilivyokuwa baada ya hapo, Malundi wanaisimulia mpaka leo. Afande Chiduo alipiga filimbi. Mgambo walitupa virungu, wakachimba kwa mikono, maana hakuna aliyethubutu kutia koleo likamkwaruza Mtukufu shavuni. Walinyanyua magogo yanayofuka moshi, wakaungua viganja, kucha zikang'oka. Mmoja alivunjika mguu kwa mzee Ndalahwa, mwingine aliangukiwa na kizingiti akafa na hakuna aliyesimama kumtazama. Kilichokuwa kikimsubiri Mgeni Rasmi wiki mbili kilisafishwa kwa saa tano. Wanakijiji walikaa kando wakishangaa, na yule mbwa mwekundu alipigwa teke akaruka hewani.

Kwa Nyamizi walimkuta Kapunda amejikunja, magoti kifuani, amekauka, mweusi, mdogo kuliko alivyokuwa. Mikononi alikuwa ameikumbatia picha. Aliikinga kwa mwili wake, mtu yeyote angeona hivyo. Kioo kilipasuka lakini paji la uso la Mtukufu lilikuwa safi, na macho, na pua. Kuanzia masharubu kushuka chini ilikuwa mkaa.

Nyamizi alipiga magoti. Aliligusa bega la mumewe. "Nimekuja," alimwambia.

"Samahani sana mama," Afande Chiduo alisema akiwa amemsimamia, akihema, viganja vinatoa damu. "Usimguse mtuhumiwa."

"Nani?"

"Huyu amekutwa na Mtukufu aliyeungua. Tena mikononi. Ushahidi gani tena unautaka?"

Walijaribu kuitoa picha, vidole havikuachia. Wakaogopa kuichana. Basi wakamfunga Kapunda pingu juu ya vile vidole, wakampakia lorini akiwa bado ameikumbatia. Nyamizi alining'inia nyuma ya lori, akapigwa kirungu cha vidole, akaanguka barabarani. Pale pale vumbini alitambua kwamba ni yeye mwenyewe aliyemkamatisha, na utambuzi huo ulimuuma kuliko vidole.

Bwana Mrekwa, kwa upande wake, alikuwa na msiba wake. Kijiji kilikuwa cheupe, na Mheshimiwa alikuwa anakuja Jumamosi. "Atazindua nini?" aliuliza, karibu kulia. "Uwanja?"

Ng'ambo ya mto kulikuwa na kijiji kiitwacho Ifumbo, ambacho kosa lake lilikuwa moja, hakikuungua. Ijumaa asubuhi mgambo walivuka na madebe ya petroli, wakawatangazia wenyeji kwamba wamechaguliwa kulisaidia taifa. Wengi waliona heshima hiyo wakakimbilia shambani. Waliochelewa kuielewa walifungiwa milango, wakaeleweshwa humo humo. Mchana malori kumi na mawili yakaleta majivu Malundi, mabichi bado, yakamwagwa nyumba hadi nyumba kwa vipimo. Mbele ya uwanja wa Nyamizi, katika fungu lililomwangukia yeye, palikuwa na bangili ya shaba, na bangili ilikuwa na mkono.

Jumamosi Mgeni Rasmi alifika saa tisa badala ya saa tatu. Kwaya iliimba wimbo wa kumpongeza kwa moto. Alikata utepe, akachukua majivu kwa kijiko cha dhahabu, akayatazama, akatikisa kichwa kwa huzuni mara tatu, kila mpiga picha aliposema bado. Kisha akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa mamlaka niliyopewa, natamka rasmi kwamba moto wa Malundi umetokea."

Watu walipiga makofi, kwa kuwa mgambo walikuwa nyuma yao.

"Serikali yenu haikulala. Nimeambiwa kwamba saa ile ile nilipowasili, maandalizi ya kuwasaidia yalikuwa yamekamilika. Kila kaya itapata fagio moja na kofia moja. Mataifa mengine yanaungua kila mwaka na hayajui kuungua kwa utaratibu. Sisi tumeungua kwa utaratibu. Lakini kati yenu yumo msaliti."

Wakamleta Kapunda. Walikuwa wamemkalisha kwenye kiti, wamemfunga kamba ya kifua asianguke. Hakimu alimsomea shtaka, akamwuliza anakubali au anakataa. Kapunda alinyamaza. Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa ni jeuri. Akamwuliza ana lipi la kujitetea, akaandika kwamba hana. Hukumu ilikuwa viboko kumi na viwili hadharani na kifungo cha miaka thelathini na kazi ngumu.

Nyamizi alishikwa mikono na mjane wa Selemba upande huu na Mahela upande ule. Alitaka kufumba macho, akaona hiyo ingekuwa kumwacha peke yake, akatazama. Cha kwanza kilipasua ngozi ikatoa vumbi. Cha tatu kilivunja mbavu, na zilisikika. Cha sita kililegeza vidole, wakaichukua picha, wakaifuta, ikapigiwa saluti. Cha tisa kiliondoa mkono wa kushoto begani, mgambo mmoja akauokota akaurudisha mapajani mwa mwenyewe, hesabu ikaendelea. Kwa kila kimoja Nyamizi alihisi pale pale mwilini mwake kinapotua.

"Mnaona?" Mgeni Rasmi aliwaambia wageni wa meza kuu. "Hata kulia halii. Watu wa aina hii ndio wanaoturudisha nyuma."

Watu wa Malundi wakapewa mafagio, wakafagia majivu ya Ifumbo mbele ya kamera mpaka Mheshimiwa alipoondoka.

Kapunda alipelekwa Gereza Kuu la Urekebishaji, chumba namba tisa, akavalishwa sare, wakamwegemeza ukutani. Nyamizi alikwenda Jumapili ya kwanza kwa miguu, ana chungu cha ugali na maharage alichopikiwa na mjane wa Selemba, kwa kuwa yeye hakuruhusiwa kuwasha moto. Askari wa zamu aliitwa Mbwilo, mnene, mwenye kupenda chumvi. Alipekua chungu, akakaa kukila.

"Mumeo ana nidhamu," alisema akitafuna. "Kwenye chakula halalamiki, usiku hapigi kelele. Akiendelea hivi watampunguzia miaka."

"Afande, nipe nikamzike."

"Kuzikwa ni haki ya raia huru, mama. Akimaliza kifungo atazikwa, sheria haina ubaya na mtu."

Nyamizi alipewa dakika kumi chumbani. Kapunda alikuwa ameinama, sare imemzidi, mkono wa kushoto umewekwa pembeni yake sakafuni. Nyamizi alirudi Malundi akakaa mahali nyumba yao ilipokuwa, akafumba konzi mchangani kwa uchungu, akaibana. Alipoufumbua ule mkono, aliutazama udongo. Kisha akaufunga kwenye pindo la kanga, pale wanawake wa huko wanapofunga ugoro.

Jumapili ya pili Mbwilo alipekua chungu tena, chini mpaka juu. Pindo la kanga hakuligusa, maana alikuwa na adabu kwa wanawake. Nyamizi aliingia, akafungua fundo, akautia udongo kwenye miguu ya mumewe. Konzi moja.

Jumapili ya tatu alikuja na shangazi wa mfungwa. Ya nne walikuja shemeji na wifi. Mjane wa Selemba alijiandikisha kuwa dada, akatia konzi mbili, moja yake na moja ya marehemu wake ambaye hakuna ajuaye aliko. Mahela aliingia kama mjomba. Mbwilo alikuwa anasifia, alisema hajaona mfungwa mwenye ukoo mkubwa na wenye mapenzi kiasi hicho. Alikula vyungu vya Malundi yote, akanenepa zaidi. Wachache waliosalia Ifumbo nao walivuka mto wakaja, wakasema ni watani wa mfungwa. Hawakuwa na makaburi ya kutia konzi zao, wakazitia pale.

Udongo ulimfika Kapunda magotini, kisha kifuani, mwisho ukamfunika kichwa. Hakuna aliyeufagia. Usafi wa vyumba ulikuwa umepangwa kuanza baada ya uzinduzi wa Wiki ya Usafi Magerezani, na Mgeni Rasmi alikuwa bado hajapata nafasi. Siku konzi ya mwisho ilipoingia, ya bibi mmoja aliyebebwa mgongoni safari nzima, Nyamizi alisawazisha juu kwa kiganja, akanyunyiza maji kidogo, akatoka nje bila kugeuka nyuma.

Mgeni Rasmi alifika miezi mitatu baadaye, na kwaya ile ile. Alikata utepe wa gereza, akafunguliwa chumba namba tisa. Aliona udongo tu.

"Mfungwa yuko wapi?"

Mbwilo aliangalia, akahesabu vyumba, akahesabu tena. Alipigwa palepale mpaka akakiri kumtorosha, akafungwa chumba namba kumi. Ving'ora vikalia nchi nzima, mabango yakabandikwa: ANATAFUTWA, MTU HATARI, MKONO MMOJA. Na mchana huo huo mgambo waliingia Malundi wakamchukua Nyamizi.

Afande Chiduo aliomba radhi. Halafu alimng'oa meno mawili ya mbele kwa kirungu, akamvunja tena vidole vile vilivyokuwa vimepona vibaya. Alifanya kazi yake kwa utulivu, akiuliza swali moja.

"Mumeo yuko wapi?"

"Nimemzika," Nyamizi alisema.

"Mama, usinifanye mtoto. Umemzika lini?"

"Jumapili. Jumapili nyingi."

"Mbele ya nani?"

"Watu wake wote."

Afande Chiduo aliweka kirungu mezani, akachukua kalamu. Hapo alionekana kwa mara ya kwanza kuwa na wasiwasi, kama mtu anayeogopa kwamba kuna karatasi haikumfikia.

"Na Mgeni Rasmi alikuwa nani?"

Nyamizi alitema damu pembeni, akajifuta kwa kanga.

"Hakuwepo."

Afande alishusha pumzi. Akaandika kwamba mazishi hayo hayakufanyika, kwamba mfungwa yuko hai na bado anatafutwa, na kwamba mhojiwa amechanganyikiwa na hana faida kwa uchunguzi. Akagonga muhuri, akamfungulia mlango.

Nyamizi alitembea mpaka Malundi. Mjane wa Selemba alikuwa anamsubiri na wembe. Akanyolewa nywele, akaenda palipokuwa jiko lake, akapanga mafiga matatu, akawasha moto, akapika.